Kuacha Kalamu na Kushika Ufagio: Uchambuzi wa Kisa cha Mwandishi wa Insha Kōda Aya

## Kisa chenyewe na mipaka yake

Mwezi wa Aprili 1950, gazeti moja la jioni la Tokyo lilichapisha tamko la mwanamke wa miaka 45 ambaye alikuwa ameandika kwa muda usiotimia miaka mitatu. Alisema anaacha kuandika. Hakuwa amekosa wasomaji wala mahali pa kuchapisha. Wahariri walikuwa wakimfuata nyumbani, na kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kukusanywa katika vitabu. Mwaka uliofuata alikwenda Yanagibashi, mtaa wa mageisha, wanawake wanaowaburudisha wageni kwa ngoma na muziki, ulio pale mto Kanda unapoingia mto Sumida, akaajiriwa kuwa mtumishi wa ndani katika nyumba moja ya mageisha, akila na kulala hapo hapo. Mwanzoni mwa 1955 alianza kuchapisha sehemu kwa sehemu riwaya iliyotokana na maisha ya nyumba ya namna hiyo, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumwita mwandishi wa bahati.

Kinachochambuliwa hapa ni uamuzi huo wa kuacha: sababu zake, njia iliyofuatwa baada yake, ulichozaa na ulichogharimu. Kisa kinawahusu zaidi wanaoandika kumbukumbu za familia, hasa watoto wa watu mashuhuri, lakini kinawahusu vilevile wahariri wanaobisha hodi kwenye nyumba zenye msiba wakitaka makala. Kōda Aya na baba yake, Kōda Rohan, wanatajwa kwa majina kwa kuwa maisha yao yamo katika kumbukumbu za hadharani. Jina la ukoo limetangulia kama Wajapani wanavyoandika. Nyumba aliyotumikia, mwenye nyumba hiyo, wahariri na jamaa wa mume wake hawatajwi, na maelezo yanayoweza kuwatambulisha yameondolewa.

## Usuli

Rohan (1867–1947) alikuwa miongoni mwa waandishi wakubwa wa zama za Meiji (1868–1912). Alizaliwa katika familia ya watumishi wa ikulu ya shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani, iliyoingia katika uhitaji baada ya utawala ule kuanguka, akafanya kazi ya telegrafu huko Yoichi katika kisiwa cha Hokkaido, akaiacha na kurudi Tokyo kuandika. Riwaya yake fupi kuhusu seremala anayejenga pagoda ya ghorofa tano ilisomwa na vizazi kadhaa, na nishani ya utamaduni ilipotolewa nchini humo kwa mara ya kwanza, mwaka 1937, yeye alikuwa mmoja wa waliotunukiwa. Kuwa binti wa mtu kama huyo kulikuwa heshima, na kulikuwa pia mzigo usiotuliwa.

Aya alizaliwa Mukōjima, ng'ambo ya mashariki ya mto Sumida, tarehe 1 Septemba 1904. Mama yake alifariki mwaka 1910, na dada yake mkubwa akafuata mwaka 1912. Baba alioa tena mwanamke msomi na Mkristo, ambaye moyo wake haukuwa katika kazi za nyumbani. Ndipo Rohan alipoibeba mwenyewe kazi ambayo kwa desturi ni ya mama, bibi au shangazi, akamfundisha binti yake, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na minne hivi, kufagia, kufuta vumbi, kupiga deki na kupasua kuni. Yeye mwenyewe alikuwa amefanyishwa kazi hizo utotoni, kwa hiyo hakufundisha kwa kukisia.

Inafaa kukaa kidogo katika mafunzo hayo, kwa sababu ndiyo ufunguo wa kisa kizima. Somo la kwanza halikuwa kufuta vumbi bali kukirekebisha kipanguzio chenyewe: kifaa kikiwa kibovu kazi haiwezi kuwa nzuri, kwa hiyo vitambaa vilivyofungwa kwenye kijiti vilitengenezwa upya kwanza. Vumbi lilianziwa juu kushuka chini. Milango ya karatasi haikutakiwa kupigwapigwa hadi ikalia. Ncha za vitambaa ndizo zilizotakiwa kuigusa. Siku ya maji, baba alimwonya kwamba maji ni kitu cha kuogopwa na kwamba mtu mwenye moyo mlegevu hayawezi: ndoo isijazwe, tambara lisidondoshe matone, na kila tone lililorukia ubao lilionekana na kutajwa. Kazi ikiisha, binti alitakiwa kugeuka na kutazama alikotoka, na baba alimpa maneno ya kusema wakati huo, yaliyopangwa mfano wa dua ya Kibudha yenye kumwamrisha mtu atazame nyuma yake. Yalikuwa mafunzo makali, mara nyingine ya kuudhi, na Aya hakuficha kwamba yalimliza. Lakini yalimfundisha kuona kitu kidogo kilivyo kabla ya kukigusa.

Yaliyofuata yalikuwa maisha ya misiba na kazi. Ndugu yake wa pekee aliyebaki, mdogo wake wa kiume, alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1926. Mwaka 1928 Aya aliolewa katika familia ya wafanyabiashara wa pombe ya sake, na mwaka 1929 akajifungua mtoto wa kike. Biashara ya ukweni ilianguka. Akauza pombe ya rejareja katika duka dogo kwa mikono yake mwenyewe, hadi ndoa ilipovunjika mwaka 1938 naye akarudi na mwanawe kwa baba. Mwaka 1945 nyumba yao ya Koishikawa, Tokyo, iliteketea kwa mabomu. Baba, binti na mjukuu waliishia katika nyumba ndogo huko Ichikawa, mkoa wa Chiba, na humo ndimo Rohan alimofia tarehe 30 Julai 1947, akiuguzwa na Aya katika majira ya joto ya mwaka wa dhiki, nchi ikiwa bado chini ya majeshi ya Marekani.

## Mfuatano wa matukio

Makala ya kwanza ya Aya ilitoka Agosti 1947 katika toleo maalumu la jarida lililotengwa kwa ajili ya Rohan. Alikuwa na miaka 42. Zikafuata insha kuhusu siku za mwisho za mgonjwa, kuhusu mazishi, kisha kuhusu yale mafunzo ya ufagio na ndoo. Wasomaji walishangaa, maana walitarajia kumbukumbu za heshima za binti anayemlilia baba, wakakuta sentensi fupi zenye makali, zenye sauti ya Tokyo ya zamani, zinazoeleza barafu inavyotafutwa kwa ajili ya mgonjwa, jinsi chumba cha msiba kinavyopangwa, na hata hasira ya mwuguzaji aliyechoka. Sifa zikamiminika, na maagizo ya makala nayo yakamiminika.

Tamko la Aprili 1950 lilikuja katikati ya neema hiyo. Kitabu chake cha pili cha kumbukumbu, kile chenye mafunzo ya kazi za nyumbani, kilitoka mwaka huo huo, lakini yeye alikuwa amekwisha kusema kwamba hataendelea. Mwaka 1951, mwaka aliotimiza miaka 47, akaingia kazini Yanagibashi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kutwa: kufagia, kupika, kufua, kupokea wageni mlangoni, kutumwa dukani, kuwasaidia mageisha wanapovaa, kuwangoja warudipo usiku. Mwili haukuhimili. Baada ya miezi michache aliugua, akalazimika kuondoka. Kwa kipimo cha kawaida jaribio hilo lilikuwa limeshindwa: mtu aliyetangaza kwamba anaanza maisha mengine alikuwa amerudi kitandani kwake akiwa mgonjwa, bila kalamu na bila ajira.

Alirudi kwenye karatasi polepole. Kufikia mwaka 1954 alikuwa akichapisha hadithi fupi, mojawapo ikiwa ile ya mwanamke ambaye maisha yake yote yanaonekana kupitia mazishi anayokwenda kusaidia jikoni na mapokezini, huku pindo la vazi lake jeusi la msiba likizidi kuchakaa mwaka hadi mwaka. Mkusanyo wenye jina la hadithi hiyo, *Kuroi suso*, ulipata Tuzo ya Fasihi ya Yomiuri. Kisha, kuanzia Januari hadi Desemba 1955, jarida la *Shinchō* likachapisha riwaya yake *Nagareru*.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, wa kuacha, Aya aliueleza kwa lugha ya mtu aliyelelewa kwa ufagio. Kukumbuka hakukuwa kazi, kwa maoni yake; alikuwa akitoa tu kilichokuwa tayari ndani, na watu wakimsifia jambo ambalo hakulitolea jasho. Katika nyumba ya Rohan, kazi isiyotolewa nguvu zote ilikuwa aibu hata kama matokeo yake yanapendeza. Kulikuwa na sababu nyingine iliyo wazi kwa yeyote anayehesabu: kumbukumbu za mtu mmoja zina mwisho. Mtoto anayeishi kwa kumuuza baba yake aliyekufa atafika mahali ataanza kurudia, na baada ya kurudia ataanza kutia chumvi.

Hapa sikubaliani naye kwa jambo moja. Insha yake kuhusu mafunzo ya usafi si kumbukumbu iliyomwagika yenyewe. Mtu hawezi kuandika jinsi tone la maji linavyoruka kutoka kwenye tambara lililokamuliwa vibaya, na jinsi baba anavyolitazama kabla hajasema neno, bila kuifanyia sentensi kazi ileile iliyofanyiwa ubao. Aya alishindwa kuiona jasho hiyo kwa sababu haikufanana na jasho aliyoizoea. Alikosea katika kupima kazi zake, lakini alipata katika kuona hatari iliyo mbele yake, na mara nyingi uamuzi mzuri hutoka katika hoja yenye kasoro.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa kwenda wapi. Angeweza kufungua duka, kufundisha adabu za nyumbani kwa mabinti wa watu, au kukaa na kusimamia kazi za baba yake, kama wafanyavyo warithi wengi. Alichagua utumishi, kazi ya chini kabisa kwa heshima, na kazi pekee ambayo alijua kwa hakika kwamba anaiweza bila msaada wa jina. Mtu anaweza kupewa nafasi katika jarida kwa sababu ya baba yake, lakini sakafu haitakati kwa sababu hiyo. Mahali pia palikuwa na maana. Yanagibashi iko kando ya mto uleule aliokulia, na katika miaka ya mwanzo ya 1950 mtaa huo ulikuwa unajaribu kufufua desturi ambazo vita vilikuwa vimezivuruga, kwa wateja waliokuwa wamebadilika na fedha zilizokuwa zimehama mikono.

Uamuzi wa tatu hutajwa kidogo, nami nauona mzito kuliko yote. Aliporudi kuandika hakuandika kumbukumbu za mtumishi. Nafsi ya kwanza, iliyokuwa silaha yake tangu 1947, aliiweka kando, akamuumba Rika, mjane wa miaka arobaini na kitu aliyefiwa pia na mtoto, akampa macho na mikono yake lakini hakumpa baba mashuhuri. Kwa hatua hiyo moja alifunga mlango ambao wahariri wote walikuwa wakiupitia.

## Matokeo

*Nagareru* inaanza Rika akiwa amesimama nje ya nyumba anayotafuta kazi. Ana hakika kwamba ndiyo yenyewe, lakini hajui aingilie wapi, kwa sababu nyumba haina mlango wa jikoni. Kila aliyewahi kutumwa kwenye nyumba ya watu anajua uzito wa jambo hilo. Mgeni wa heshima huingia mbele bila kufikiri. Mtumishi huutafuta kwanza mlango wa uani, na nyumba isiyokuwa nao ni nyumba ambamo mpaka kati ya mbele na nyuma, kati ya kinachoonyeshwa mteja na kinachofichwa, tayari umevurugika. Msomaji hajakutana na mtu yeyote wa humo, na amekwisha kuambiwa habari zake nyingi.

Ndani, jina la Rika linawasumbua wenyeji, basi wanampa jingine: ataitwa Oharu. Analikubali bila ubishi na kuendelea na kazi. Kupitia macho yake tunaona nyumba ya mageisha inavyodidimia: bibi mwenye nyumba aliye bado mrembo na ana madeni, binti yake asiyetaka kazi ya mama, mageisha wanaobishana juu ya hesabu za malipo, na mjomba wa msichana mmoja aliyekuja kutoka shamba kudai fedha kwa vitisho. Hakuna tukio kubwa la kuangusha paa. Mambo yanasogea kwa bili ambazo hazijalipwa, kwa kimono zinazotolewa kabatini na kurudishwa, kwa simu zinazopokelewa na mtu asiyestahili kuzisikia. Rika anaona kila kitu kwa sababu hakuna anayemtazama yeye, ingawa polepole wenyeji wanatambua kwamba mtumishi huyu si wa kawaida.

Riwaya ilipata Tuzo ya Fasihi ya Shinchōsha na Tuzo ya Chuo cha Sanaa cha Japani. Mwaka 1956 mwelekezaji Naruse Mikio aliitengenezea filamu, Tanaka Kinuyo akicheza nafasi ya mtumishi na Yamada Isuzu nafasi ya mwenye nyumba. Wakati huohuo Aya alikuwa akiandika *Otōto*, riwaya kuhusu dada na mdogo wake wa kiume anayekufa kwa kifua kikuu, iliyotoka kitabu mwaka 1957 na kuwa filamu ya Ichikawa Kon mwaka 1960. Yaani alirudi nyumbani kwao baada ya yote. Lakini alirudi kwa mlango mwingine: riwaya hiyo inafunguka kwa msichana anayekimbia katika mvua kwenye tuta la mto, akimfukuzia mdogo wake aliyetangulia bila mwavuli kwa hasira. Baba mwandishi yumo, ila yuko pembeni, mtu wa mezani asiyejua au asiyetaka kujua kinachowapata watoto wake. Kumbukumbu za 1947 zisingeweza kumweka hapo.

## Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kawaida kisa hiki husimuliwa kana kwamba Aya alikimbia kivuli cha baba akajipata mwenyewe jikoni kwa watu. Maelezo hayo yanapendeza lakini hayatoshi. Kile kilichomwezesha kudumu Yanagibashi hata kwa miezi hiyo michache, na kilichomwezesha kuiona nyumba ile baadaye kwenye karatasi, kilikuwa ni urithi wa Rohan mtupu: kipanguzio kinachorekebishwa kwanza, jicho linaloanzia juu kushuka chini, ule ulazima wa kugeuka na kutazama ulikotoka. Alichokiacha ni baba kama mada. Baba kama ufundi alimchukua akaenda naye. Mwandishi mwingine wa kizazi chake, Mori Mari, binti wa mwandishi mashuhuri Mori Ōgai, aliendelea kumwandika baba yake kwa mapenzi ya wazi na akafanikiwa sana kwa njia hiyo, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba kuandika juu ya baba ni kosa lenyewe. Tofauti ni kwamba kwa Mori baba alikuwa raha, na raha haichoshi kurudiwa. Kwa Aya baba alikuwa kipimo, na mtu hawezi kuendelea kuishi kwa kusimulia jinsi alivyopimwa.

Jambo la pili lililofaa ni kwamba kazi ilikuwa kazi ya kweli. Mwandishi anayekwenda mahali ili "kujionea" hukaa kwenye kiti cha mgeni, hata akivaa aproni. Aya alikuwa na majukumu, na majukumu huamua macho yatazame wapi: anayetakiwa kuandaa viatu vya watu mlangoni ataona nani ametoka na nani, saa ngapi, na viatu vya nani vimechakaa kisigino. Maelezo yanayoipa *Nagareru* uzito yote ni ya aina hiyo, na hakuna hata moja ambalo angelipata kwa kuhoji.

Tatu, ukimya wa kati ulikuwa mrefu vya kutosha. Toka tamko la 1950 hadi hadithi za 1954 maagizo ya kumbukumbu za Rohan yalipata nafasi ya kupoa, na wasomaji walipata nafasi ya kumsahau binti. Mhariri wa leo angemshauri asipotee machoni mwa watu. Ushauri huo ungemwua.

Njia aliyoipata hapo aliitumia hadi uzeeni. Mnara wa ghorofa tatu wa hekalu la Hōrin-ji, Nara, ulioteketezwa na radi mwaka 1944, ulipokuwa unajengwa upya, Aya alisaidia kutafuta fedha, kisha akahamia huko kwa muda ili awe karibu na maseremala. Ujenzi ulikamilika mwaka 1975. Mwaka 1976 alianza kuzunguka kutazama miporomoko mikubwa ya milima, kuanzia ule wa Ōya katika mkoa wa Shizuoka, na mahali ambapo miguu ilikataa alibebwa mgongoni na wenyeji. Katika insha hizo anataja bila haya kwamba ana miaka 72 na uzito wa kilo 52, kwa kuwa anayebebwa ana wajibu wa kutangaza mzigo. Ni Rika yuleyule: kwanza ajue anaingilia wapi na anamgharimu nani.

## Uchambuzi: kilichoshindikana

Nadhiri yenyewe ilishindikana, na hilo lisipambwe. Alisema anaacha kuandika, hakuacha. Wapo waliolichukua tamko la 1950 kama tangazo la ujanja la mtu aliyejua kwamba atarudi. Mimi sioni ujanja katika kuchukua kazi inayokulaza hospitali au kitandani katika umri ule, lakini ni kweli kwamba tamko la hadharani lilimfunga zaidi ya lilivyomsaidia. Angeweza kunyamaza tu. Kwa kutangaza, aliifanya kila sentensi aliyoandika baadaye ionekane kama jibu kwa tamko.

Kosa la pili ni la mwili. Alipima uwezo wake kwa mafunzo ya msichana wa miaka kumi na minne na kwa miaka ya duka la pombe, akasahau kwamba katikati kulikuwa na vita, njaa na miaka ya kuuguza. Hakuwa na mpango wa nini kitatokea akiugua, naye alikuwa mama aliyeachana na mumewe, mwenye binti mmoja tu.

Deni lililo gumu zaidi ni la nyumba iliyompokea. Wenyeji wake walimwajiri mtumishi. Miaka minne baadaye Japani nzima ilikuwa inasoma riwaya kuhusu nyumba ya mageisha yenye madeni, na mwaka uliofuata ikaitazama kwenye sinema. Aya alibadilisha majina na matukio, na Rika si mtu wa kudharau waajiri wake. Riwaya inawapa mageisha heshima ya mafundi wa kazi yao, jambo ambalo magazeti ya wakati ule hayakulifanya mara nyingi, hasa katika mwaka 1956 ambapo bunge lilipitisha sheria ya kuzuia ukahaba na mitaa yote ya starehe ikawa inazungumzwa kwa jumla moja. Hata hivyo, ridhaa haibadiliki kuwa ridhaa kwa sababu kitabu kimekuwa kizuri. Anayetaka kuifuata njia ya Aya leo, awe mwandishi wa habari au wa riwaya, atakutana na swali hilo mlangoni kabla ya swali la ufundi, na kisa hiki hakimpi jibu, kwa kuwa tunausikia upande mmoja tu wa mlango.

Na mwisho kuna lile jina. Kama lengo lilikuwa kutoitwa tena binti wa Rohan, lengo halikufikiwa. Alipojitolea kwa ajili ya mnara wa Hōrin-ji, ilikuwa vigumu kwa mtu yeyote kutomkumbuka seremala wa pagoda katika riwaya ya baba yake. Alipofariki, tarehe 31 Oktoba 1990, akiwa na umri wa miaka 86, binti yake Aoki Tama alikuwa karibu kuingia naye katika uandishi wa insha, na kitabu chake *Koishikawa no ie* cha mwaka 1994 kinawasimulia babu na mama katika nyumba moja; mjukuu naye amefuata. Familia imekuwa desturi ya fasihi, kitu ambacho tamko la 1950 lilikusudia kukikatiza.

Ila baba aliyemo katika insha za mwisho si yule wa 1947. Kati ya insha za miti alizoandika kuanzia mwaka 1971, zilizokusanywa kuwa kitabu *Ki* mwaka 1992, imo moja kuhusu maua ya mfuji, mmea utambaao wenye vishada vya maua. Rohan amempa Aya mfuko wake wa pesa ampeleke mjukuu kwenye soko la miche, amnunulie atakachokipenda. Mtoto anachagua mfuji, ghali kuliko miche yote sokoni. Aya anaona ni upuuzi, ananunua mche wa bei nafuu wa kiungo cha jikoni. Wakirudi, mzee anawaka: mtoto alikuwa na jicho la kuchagua kilicho bora, na mama yake amelizima kwa kuhesabu senti. Katika insha hii Aya ndiye mzazi anayehukumiwa, baba ni mmoja wa watu watatu waliomo, na mti umewekwa mbele yao wote. Insha ya namna hiyo asingeweza kuiandika alipokuwa akiandikiwa barua na wahariri waliotaka machozi ya binti.